Mfanyabiashara mdogo, je, duka lako la mtandaoni linafunguka kwa kila mteja?

Ndugu msomaji, zipitie kurasa za mtandaoni za maduka yetu madogo: ya khanga na vitenge, ya mabaibui na kanzu, ya asali na viungo vya pilau, ya keki za harusi, hata za nyumba za wageni za Mji Mkongwe na Lamu. Utakuta mtindo mmoja umeenea kuliko yote. Bidhaa imepigwa picha, kisha juu ya picha hiyo yameandikwa maandishi ya kupendeza yanayotaja bei, vipimo, rangi zilizopo na namba ya kuagizia. Kwa mwenye macho mazima hapana tatizo. Hutupa jicho, akaona, akapiga simu. Lakini kwa mteja asiyeona, tangazo lile zima, pamoja na uzuri wake wote, ni neno moja tu: "picha".

Neno hilo moja ndilo linalomfukuza mteja dukani bila ya mwenye duka kujua. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali iko hivyo, nani mwingine anafukuzwa pamoja na asiyeona, na namna ambavyo mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo anaweza kuufungua mlango huo kwa gharama ndogo mno. Wataalamu huiita kazi hii ufikivu wa tovuti, yaani kuutengeneza ukurasa ili kila mtu aweze kuufikia, kuuelewa na kuutumia, awe na ulemavu au asiwe nao.

Asiyeona hutumiaje simu?

Wapo wanaodhani kwamba mtu asiyeona hana haja na simu janja. Dhana hiyo ni ya zamani. Simu nyingi za Android zina programu iitwayo TalkBack, na zile za iPhone zina VoiceOver. Kwa upande wa kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona, ambayo mpaka leo hutolewa bure. Programu hizi husoma kwa sauti kila kilichopo kwenye kioo. Mtumiaji huburuza kidole, akasikia kilicho chini yake; akikitaka, hugonga mara mbili. Aliyezoea huisikiliza sauti hiyo ikienda mbio kiasi kwamba sisi wengine tusingeambulia kitu.

Hata hivyo, programu husoma kilichoandikwa, haisomi kilichochorwa. Ikifika kwenye picha ambayo mwenye tovuti hakuiwekea maelezo, hutamka "picha" na kupita, au husoma jina la faili, ambalo aghalabu ni mfululizo wa herufi na tarakimu zisizo na maana. Simu za karibuni zimeanza kukisia yaliyomo pichani, lakini kukisia si kusoma. Katika bei, sifuri moja ikikosewa, elfu kumi na tano inakuwa elfu moja na mia tano, na biashara inaanza kwa ugomvi.

Tuseme mteja huyo amebahatika kuijua bei. Anasonga mbele ili anunue. Hapo hukutana na vitufe ambavyo msanifu wa tovuti alivichora alama tu, kikapu, alama ya tiki, alama ya kufuta, bila ya kuvipa majina. Programu inamwambia: "kitufe, kitufe, kitufe." Kipi ni cha kulipa na kipi ni cha kufuta oda? Hana njia ya kujua. Hulazimika kumwita mtoto, jirani, au yeyote aliye karibu, amkabidhi simu na kumtajia namba yake ya siri.

Tulitafakari jambo hili. Mtu mzima, mwenye fedha zake halali na akili zake timamu, anaiweka siri ya mkoba wake mikononi mwa mwingine kwa ajili ya kununua kilo mbili za mchele. Akikutana na mwaminifu, amesalimika. Akikutana na mwingine, amepoteza. Na hata akisalimika, kuna kitu amekitoa ambacho wateja wengine hawakudaiwa: faragha yake. Si kila anachokinunua mtu hupenda jirani akijue, iwe ni dawa, nguo za ndani, au zawadi anayotaka kumshtukizia nayo mkewe siku ya Idd.

Si asiyeona peke yake

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu bilioni 1.3 wanaishi na ulemavu mkubwa, yaani mtu 1 kati ya kila 6 duniani. Shirika hilo hilo linasema kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana upungufu wa kuona, wa mbali au wa karibu. Wengi katika hawa si vipofu. Ni baba aliyevuka miaka arubaini, ambaye sasa huisogeza simu mbali na uso ili asome. Ni bibi mwenye mtoto wa jicho. Ni ndugu yetu mwenye ualbino, kwani wengi wenye hali hiyo wana uoni hafifu.

Ukiacha macho, wapo viziwi, ambao video ya tangazo isiyo na maandishi kwao ni midomo inayochezacheza. Wapo waliopatwa na kiharusi, au wanaotetemeka mikono, ambao hawawezi kulenga kitufe kidogo kama punje ya mtama. Wapo wasiosoma kwa wepesi, ambao sentensi ndefu yenye maneno ya Kiingereza yaliyochanganywa huwachosha kabla hawajafika kwenye bei.

Fauka ya hayo, wapo wazima kabisa ambao mazingira yamewadhoofisha kwa muda. Mama aliyempakata mtoto ana mkono mmoja tu wa kutumia. Mchuuzi aliyesimama Kariakoo juani saa saba mchana hawezi kuziona herufi za kijivu juu ya usuli mweupe. Abiria ndani ya daladala hawezi kuifungulia sauti video yako, na mwanafunzi ambaye bando lake linakaribia kwisha hawezi kuzisubiri picha kumi nzito zifunguke. Ukurasa uliotengenezwa kwa kumfikiria asiyeona, kiziwi na mwenye mkono dhaifu huwapokea na hawa wote. Ndivyo ulivyo mteremko wa saruji mbele ya mlango wa duka: umejengwa kwa ajili ya kiti cha magurudumu, lakini anayeutumia kutwa nzima ni msukuma mkokoteni.

Faida kwa mwenye duka

Mfanyabiashara ana haki ya kuuliza: haya yote yataniingizia nini? Swali ni la halali, na majibu yapo.

La kwanza ni mteja anayeondoka kimya. Nchini Uingereza ulifanyika uchunguzi ujulikanao kama Click-Away Pound, ulioangalia mwenendo wa wanunuzi wenye ulemavu mtandaoni. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionesha kuwa asilimia 69 kati ya wale wenye mahitaji maalumu huiacha tovuti inayowapa tabu na kwenda kwingine, na ukakadiria kuwa fedha zilizohama kwa njia hiyo nchini humo zilifikia pauni bilioni 17.1. Walio wengi hawalalamiki wala hawaandiki barua; huondoka tu. Zaidi ya 8 kati ya 10 walisema wamewahi kulipa zaidi kwenye tovuti iliyo rahisi kutumia kuliko kununua kwa bei nafuu kwenye tovuti inayosumbua. Takwimu hizo ni za Uingereza, lakini tabia ya kumkimbia muuzaji anayekusumbua na kumganda anayekustahi haina uraia.

La pili ni kupatikana. Mitambo ya kutafutia habari mtandaoni, kama Google, hutegemea kwa sehemu kubwa yale yaliyoandikwa. Uzuri wa rangi zako hauiambii mengi kuhusu unachokiuza. Mtu akiandika "asali ya nyuki wadogo Tabora", mtambo hutafuta ukurasa wenye maneno hayo. Ikiwa maneno yako yote yamo ndani ya picha, umejificha mwenyewe. Wahenga wetu husema kizuri chajiuza, lakini kitajiuzaje ikiwa jina lake halisomeki? Maelezo ya picha, vichwa vya habari vilivyopangwa na bei iliyoandikwa kwa maandishi ndivyo vinavyomsaidia asiyeona, na hivyo hivyo ndivyo vinavyokusaidia kupatikana.

La tatu ni wepesi. Ukurasa mzima wa maneno una uzito mdogo sana ukilinganishwa na picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa. Tovuti iliyopunguziwa mapambo yasiyo ya lazima hufunguka upesi hata kwenye simu ya bei ndogo na mtandao dhaifu, na hao ndio wateja wetu walio wengi.

La nne ni muda wako. Kila mwenye duka la mtandaoni anaijua karaha ya kuulizwa mara hamsini kwa siku: "Bei gani? Mpo wapi? Mnaleta hadi Mbagala?" Aghalabu majibu yapo, ila yamefichwa mahali pasiposomeka. Yaandike wazi, uone maswali yanavyopungua.

Makosa ni machache, ila yanarudiwa

Mwaka 2024 taasisi ya WebAIM ya Marekani ilizipima kwa mitambo kurasa za mbele za tovuti milioni 1 zinazotembelewa zaidi duniani. Asilimia 95.9 zilikutwa na makosa. Mtu anaweza kukata tamaa kwa kuisikia idadi hiyo, lakini undani wake una bishara njema, kwani makosa yenyewe ni yale yale. Asilimia 81 zilikuwa na herufi zilizofifia, na zaidi ya nusu zilikuwa na picha zisizo na maelezo. Karibu nusu zilikuwa na fomu ambazo visanduku vyake havina majina. Atakayerekebisha mambo machache haya atakuwa ameyatangulia makampuni mengi makubwa.

Basi na tuyataje yale ya kuanzia.

Kwanza, andika bei na maelezo kwa maandishi ya kawaida, nje ya picha. Hili halihitaji fundi. Hata kama huna tovuti na unauzia Instagram au WhatsApp, andika chini ya picha: "Khanga ya pamba, doti moja, rangi nyekundu na nyeupe, shilingi 15,000." Asiyeona atasoma, na mwenye kuona hatapungukiwa na kitu.

Pili, ipe kila picha maelezo yake mafupi. Watengeneza tovuti huyaita maandishi mbadala. Hayaonekani kwa macho, lakini programu huyasoma. Facebook na Instagram nazo zina sehemu ya kuyaandika. Usiandike "picha nzuri". Andika ambacho ungemwambia mtu kwenye simu akikuuliza bidhaa ikoje. Picha ya pambo tupu, isiyo na habari yoyote, mwambie fundi aiache bila ya maelezo kwa makusudi ili programu iiruke.

Tatu, tazama rangi. Viwango vya kimataifa vinataka herufi za kawaida zitofautiane na usuli wake kwa uwiano wa walau 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Rangi ya dhahabu juu ya nyeupe, inayopendwa sana katika matangazo ya harusi, mara nyingi haifiki popote. Vipo vipimo vya bure mtandaoni vya kulipima jambo hili kwa dakika moja. Wala usitegemee rangi peke yake kutoa habari. Ukisema "vilivyoandikwa kwa rangi nyekundu vimekwisha", asiyezipambanua rangi hatajua kipi kipo.

Nne, kila kitufe na kila kisanduku cha fomu kiwe na jina: "Lipa", "Futa", "Namba ya simu", "Mtaa unaoishi". Na kiungo cha kwenda ukurasa mwingine kisiandikwe "bonyeza hapa" tu. Kiseme kinakokwenda, kwa mfano "Tazama bei za kanzu".

Tano, weka maandishi chini ya video. Kiziwi atafahamu, na abiria wa daladala pia.

Sita, hakikisha tovuti inatumika kwa kibodi peke yake, bila ya kipanya. Yupo asiyeweza kukishika kipanya. Gonga kitufe cha Tab mara kadhaa; ukiona huwezi kufika mpaka mahali pa kulipia, naye hawezi.

Saba, na hili ni letu hasa sisi Waswahili, mwambie fundi aitambulishe lugha ya ukurasa. Kila ukurasa una mahali pa kuandika alama ya lugha, na alama ya Kiswahili ni "sw". Mafundi wengi huchukua kiolezo cha kigeni na kuiacha alama ya Kiingereza. Matokeo yake, programu huweza kukisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza: "nane" inakuwa "nein", "pole" inageuka mlingoti, na mji wa Same unapotea kwenye ramani. Herufi mbili tu zinarekebisha yote hayo.

Viwango na sheria

Kazi hii haikuanza jana. Tim Berners-Lee, aliyeubuni mtandao wa wavuti mwaka 1989, alisisitiza tangu mapema kuwa nguvu yake imo katika kuwafikia watu wote. Shirika la viwango analolihusisha na kazi hiyo, W3C, lilianzisha mpango wa ufikivu mwaka 1997, likatoa mwongozo wa kwanza mwaka 1999. Toleo la 2.2 la mwongozo huo, uitwao WCAG, lilitoka Oktoba 2023. Masharti yake yote yanarudi kwenye misingi minne: ukurasa utambulike kwa jicho, sikio au mguso; uendesheke; ueleweke; na uwe imara kiasi cha kufanya kazi kwenye vifaa na programu mbalimbali.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaitaja intaneti kwa jina katika ibara yake ya 9. Tanzania Bara ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Katiba ya Kenya ya mwaka huo huo, katika ibara ya 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali pote, vyombo vya usafiri na habari. Kule Ulaya, sheria ya ufikivu imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025 na inagusa biashara za mtandaoni. Watoa huduma wadogo kabisa, wenye wafanyakazi chini ya 10 na mapato yasiyozidi euro milioni 2 kwa mwaka, wamesamehewa. Hata hivyo, mwenye nyumba ya wageni Unguja anayepokea watalii wa Ulaya atafanya vyema kujua kwamba mgeni wake anatoka mahali ambapo jambo hili sasa ni la kisheria.

Hapa pana tahadhari. Wapo wauzaji wa programu wanaodai kuwa ukiweka kidude chao kimoja kwenye tovuti, kila kasoro ya ufikivu itajirekebisha yenyewe. Mwaka 2025 mamlaka ya biashara ya Marekani iliitaka kampuni moja ya aina hiyo ilipe dola milioni 1 kwa madai ya namna hiyo yasiyothibitika. Jengo lisilo na mlango halitengenezwi kwa kubandikwa stika ya mlango ukutani. Fedha hizo mpe fundi wako, umtajie mambo saba yaliyotangulia, na uyaandike katika makubaliano yenu kabla hajaanza kazi, kwani kujenga vizuri tangu mwanzo ni rahisi kuliko kubomoa na kujenga upya.

Jaribu mwenyewe

Wapo watakaosema: "Mimi sijawahi kumpata mteja asiyeona." Yawezekana ni kweli, na yawezekana sababu ndiyo hii tuliyoieleza. Aliyekuta mlango umefungwa hakuingia, na asiyeingia huwezi kumhesabu.

Njia nyepesi ya kuujua ukweli ni hii. Baada ya kufunga hesabu za siku, fungua mipangilio ya simu yako, tafuta TalkBack au VoiceOver, ujifunze kwanza namna ya kuizima, kisha uiwashe. Fumba macho. Jaribu kununua bidhaa moja kutoka katika duka lako mwenyewe, tangu kuijua bei hadi kulipa. Pale utakapokwama, andika. Kisha mtafute mtu asiyeona katika mtaa wako anayetumia simu, mlipe ujira wake kama unavyomlipa fundi yeyote, naye aijaribu. Atakuonesha katika nusu saa ambayo hukuyaona kwa mwaka mzima, nawe utakuwa umepata orodha ya matengenezo, na huenda na mteja wa kudumu.